Mende wanafuata nini nyumbani na kwenye biashara: mwongozo kamili wa kuwaondoa, kuanzia Kisumu hadi Nakuru

"Mbona mimi napiga deki asubuhi na jioni, na bado mende wamejaa?" Hili ndilo swali ninalolisikia zaidi kutoka kwa wapangaji wa Kondele, Manyatta na Nyalenda hapa Kisumu, na huulizwa kwa uchungu, kwa sababu mende akipita mbele ya mgeni, mama mwenye nyumba huona aibu kana kwamba ameumbuliwa. Jibu ni kwamba deki haifiki mahali mende anapoishi. Sakafuni hupita tu. Makao yake ni ndani ya bawaba ya kabati, karibu na mota ya friji, chini ya sinki penye unyevu, na katika mikunjo ya katoni uliyobeba kutoka sokoni. Anachofuata ni maji, chakula kidogo mno, joto, na ufa wa kujibana. Nyumba inayong'aa lakini yenye bomba linalodondoka humfaa mende kuliko chumba kikavu chenye vumbi.

Nimepanga hatua hizi kwa utaratibu ambao kazi yenyewe inafaa kufanywa. Dawa iko karibu na mwisho, tena makusudi. Anayeanza na dawa huua wachache waliokuwa matembezini, wengine wakahamia ukuta wa jirani, na baada ya wiki chache wote wamerudi.

Hatua ya 1: Mjue mende uliye naye

Wa kwanza wa kuhangaikia ni mdogo, wa kahawia iliyofifia, urefu wa sentimita 1.1 hadi 1.6, mwenye michirizi miwili myeusi nyuma ya kichwa. Huyo ni mende wa Kijerumani. Maisha yake yote ni ndani ya majengo pamoja na watu, na ndiye anayejaza majiko, hoteli na hata matatu. Ana mabawa lakini haruki. Jike hubeba kifuko cha mayai nyuma ya tumbo hadi karibu siku ya kuanguliwa. Kifuko kimoja huwa na mayai 30 hadi 40 hivi, na jike mmoja huweza kutoa vifuko vinne hadi vinane maishani mwake. Katika joto la nyumba, safari ya kutoka yai hadi mende mzima huchukua takriban miezi miwili hadi mitatu. Ndiyo maana mende wawili wa mwezi wa kwanza huonekana jeshi zima kufikia mwezi wa sita.

Wa pili ni mkubwa, sentimita 4 hivi, mwekundu wa kahawia, mwenye ukingo wa manjano nyuma ya kichwa. Huitwa mende wa Marekani ingawa asili yake ni bara letu la Afrika. Huyu hukaa kwenye manholi, vyoo vya shimo na mitaro, na usiku wa joto huweza kuruka akaingia dirishani. Anatoka nje kuja ndani, kwa hiyo dawa yake kubwa ni kuziba njia. Ukimtafuta kwenye kabati la vikombe utapoteza muda.

Yuko pia mdogo mwingine mwenye mistari myepesi ya kukata mgongo, anayependa mahali pakavu na pa juu: nyuma ya fremu za picha, ndani ya redio, pembeni mwa dari. Si wengi humwona.

Na yule mende mweupe anayewatisha watu si aina nyingine. Ni mende wa kawaida aliyetoka kujivua gamba. Baada ya saa chache ngozi hukauka akarudia rangi yake. Ukimwona, elewa kwamba watoto wanakua hapo karibu.

Usidharau jambo hili kwa kudhani ni la kero tu. Mende hutembea kutoka chooni hadi kwenye sahani, akibeba vijidudu vya kuharisha miguuni na tumboni. Kinyesi chake na magamba anayojivua vina protini zinazochochea pumu, hasa kwa watoto. Kama una mtoto anayekohoa kila usiku, mpeleke hospitali, na uongeze chini ya sinki kwenye orodha ya mahali pa kuangalia.

Hatua ya 2: Kagua usiku, kabla ya kununua chochote

Zima taa zote za jikoni. Subiri saa moja au mbili baada ya watu kulala, kisha ingia polepole na tochi, bila kuwasha taa. Elekeza mwanga chini ya sinki, kwenye mpira wa mlango wa friji, nyuma ya jiko la gesi, juu ya kabati panapokutana na dari, na kwenye bawaba. Usiwakimbize. Tazama wanakimbilia wapi, kwa sababu huko wanakokimbilia ndiko kwao, na huko ndiko utakakoweka dawa baadaye.

Mchana rudi na utafute alama. Kinyesi cha mende mdogo huonekana kama chembe za pilipili manga iliyosagwa, au madoa meusi yaliyokauka kwenye pembe za mbao. Fungua bawaba ya kabati la jikoni ukaimulike kwa karibu: mara nyingi utakuta hizo chembe nyeusi zimejikusanya kwenye skrubu, magamba mepesi yanayopeperuka ukipuliza, na pengine kifuko kitupu cha mayai, cha kahawia, chenye umbo la kidonge kilichobanwa. Ukikuta vyote vitatu mahali pamoja, hapo ni kituo chao. Harufu nayo husema: mende wakiwa wengi, kabati hutoa harufu nzito ya uvundo wenye mafuta ambayo sabuni haiondoi siku hiyo hiyo.

Kinyesi hicho si uchafu tu. Kina harufu inayowaita mende wengine wakusanyike. Kabati lililowahi kuwa na mende lisipooshwa kwa maji ya moto na sabuni, linaendelea kuwakaribisha.

Weka mitego. Ile ya gundi ya karatasi inauzwa supamaketi na kwenye maduka ya dawa za wadudu. Ukikosa, chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, paka mafuta ya mgando kwenye ukingo wa ndani, tia kipande cha mkate kilicholowa bia, kisha viringisha karatasi kwa nje ili mende aweze kupanda. Ataingia, na mafuta yatamzuia kutoka. Weka mtego mmoja chini ya sinki, mmoja nyuma ya friji, mmoja karibu na jiko, mmoja bafuni, vyote vikigusa ukuta, maana mende hupenda kutembea mwili ukigusa kitu. Baada ya siku tatu hesabu na uandike kila mtego umenasa wangapi. Hesabu hiyo utaihitaji.

Kwa mwenzangu wa Nakuru: mji wenu uko juu, mita 1,850 hivi juu ya bahari, na usiku ni baridi. Mende wadogo hukusanyika zaidi palipo na joto la umeme, kwa hiyo anzia nyuma ya friji. Kisumu iko mita 1,130 hivi, kando ya ziwa, na joto letu huwaruhusu kukaa karibu popote ndani ya nyumba. Huku ukaguzi unahitaji subira zaidi.

Hatua ya 3: Maji kwanza

Kama una nguvu za kufanya jambo moja tu wiki hii, fanya hili. Mende mdogo mwenye chakula kikavu lakini asiye na maji hufa katika muda wa wiki mbili hivi. Mpe maji bila chakula, na anaweza kuishi mwezi mzima au zaidi. Kiu ndiyo inayomuua haraka.

Anza na sinki. Weka kipande cha gazeti kikavu chini ya bomba la kutolea maji, uende kulala. Asubuhi kikiwa na doa, bomba linavuja, hata kama hujawahi kusikia tone. Washa ya mpira, ile pete ndogo ya kuzuia bomba kuvuja, huuzwa bei nafuu kwa muuza vifaa vya ujenzi. Kaza au badilisha. Makabati mengi ya kisasa ya ploti yametengenezwa kwa mbao za unga wa mbao uliogandamizwa. Zikilowa hufura, zikifura huachana, na pale zinapoachana mende hupata maji na nyumba kwa pamoja.

Kisha tazama maji tunayoyaweka sisi wenyewe. Mahali maji yanapokuja kwa zamu, kila nyumba ina mitungi na madramu. Funika yote, na uyainue juu ya matofali au stuli ili sakafu chini yake ikauke. Usiku kamua kitambaa cha kuoshea vyombo ukianike, usikiache kimekunjwa kando ya sinki. Futa sinki likauke kabla ya kulala. Miswaki isimame mahali pakavu au ifunikwe, kwa sababu mende hunywa maji yake na kula mabaki ya dawa ya meno. Trei iliyo chini au nyuma ya friji, inayopokea maji ya barafu, wengi hawajui hata kwamba ipo. Ivute, uimwage, uioshe.

Sasa nije kwa sufuria ya ugali, kwa maana naona hapa ndipo majiko yetu ya magharibi yanaposhindwa. Ugali ukishaliwa, sufuria hujazwa maji na kuachwa usiku kucha ili ukoko ulainike. Kufikia saa sita usiku ukoko umeanza kubanduka, vipande vinaelea juu, na ukingo wa sufuria una utando wa wanga ulio nusu majimaji. Mende hupanda kutoka nyuma ya jiko, husimama kwenye ukingo vipapasio vikichezacheza, na hapo amepata chakula na kinywaji bila kushuka sakafuni. Fanya hivi: ukimaliza kupakua, acha sufuria dakika chache juu ya jiko lililozimwa mpaka ukoko ukauke na kujikunja wenyewe, kisha ukwangue kwa mwiko. Mara nyingi hutoka kipande kizima, na watoto hukigombania. Sufuria ioshwe usiku huo huo. Kama ni lazima uiloweke, ifunike kwa kifuniko chenye kukaza.

Hatua ya 4: Chakula ambacho huoni kuwa ni chakula

Unga, sukari na mkate kila mtu hujua kuvifunika. Unga wa pakiti ya karatasi uhamishie kwenye ndoo au mkebe wenye kifuniko cha kukaza. Sukari nguru, ukipenda kuiweka, iwe kwenye chombo cha kioo au plastiki ngumu. Omena wakavu wasibaki kwenye gunia au mfuko uliofunguka, kwa sababu harufu yao husafiri mbali.

Yanayosahaulika ndiyo yanayowalisha. Mafuta ya kukaangia hurukia ukuta ulio nyuma ya jiko, yakaganda kuwa utando wa manjano. Utando huo peke yake unatosha kulisha mende wengi kwa miezi. Vuta jiko la gesi mbele mara moja kwa wiki, inua vichwa vya moto, osha trei iliyo chini. Maziwa hukauka chini ya kifuniko cha chupa ya chai. Makombo ya mandazi huingia kwenye kiti cha kochi. Gundi ya katoni na ya majalada ya vitabu, vipande vya sabuni, nywele zilizokwama bafuni, chakula cha paka kilichoachwa usiku: vyote hivyo mende hula. Hula hata mende wenzake waliokufa.

Msimu wa mvua una jambo lake. Kumbikumbi wakitoka, taa ya nje hukusanya lundo la mabawa na maiti chini yake, na kando ya ziwa vijidudu vya ziwani hufanya hivyo hivyo madirishani na kwenye taa. Fagia asubuhi hiyo hiyo, usingoje Jumamosi, na zima taa ya mlangoni ambayo huihitaji.

Takataka za jikoni zitolewe nje kila jioni hata kama gari la taka hupita mara moja kwa wiki. Debe la nje liwe na kifuniko na likae mbali na mlango. Maganda ya ndizi na majani ya chai yenye sukari yamwagwe shambani au kwenye shimo la mboji ukiwa na nafasi.

Hatua ya 5: Ziba njia

Mende mzima wa Kijerumani hupenda mwanya wa milimita 5 hivi, ambamo mgongo na tumbo vyote viwili vinagusa kitu. Watoto wake waliotoka kuanguliwa hupita mwanya mwembamba kuliko huo, wa milimita moja hivi. Huwezi kuziba nyumba nzima, kwa hiyo chagua. Tundu linalopitisha bomba la sinki ukutani ndilo la kwanza, kwa sababu mara nyingi fundi alilitoboa kubwa akaliacha wazi, na upande wa pili kuna jikoni la mtu mwingine. Liweke simenti au silikoni. Halafu ufa kati ya vigae na sinki, halafu maungio ya kabati. Kama una unga wa asidi ya boriki, dawa ya mende nitakayoieleza katika Hatua ya 9, puliza kidogo ndani ya ufa kabla ya kuuziba.

Soketi za umeme zilizolegea usizichokore mwenyewe. Mwite fundi wa umeme azikaze.

Kwa mende mkubwa, kazi ni chini. Tundu la maji la bafuni liwekwe wavu wa chuma wenye matundu madogo. Bafu au choo kisichotumika kimwagiwe maji kila wiki: bomba lake lina kona inayohifadhi maji ili kuzuia harufu na wadudu, na kona hiyo ikikauka, njia ya kutoka manholi hadi chumbani iko wazi. Choo cha shimo kiwe na kifuniko, na bomba la hewa liwe na wavu juu. Mfuniko wa manholi uliovunjika utengenezwe. Chini ya mlango weka mpira wa kuzibia. Mvua kubwa za Machi hadi Mei hujaza mitaro, na mende waliokuwa humo hutafuta pakavu. Fanya haya kabla ya mvua.

Hatua ya 6: Kagua mzigo unaoingia

Mende wa Kijerumani hatembei kutoka mtaa hadi mtaa. Hubebwa. Katoni ndiyo gari lake kuu, kwa kuwa mikunjo yake ya ndani ina upana unaomfaa kabisa, ina gundi ya kula, na hufyonza unyevu. Ukinunua bidhaa Kibuye, au Wakulima kule Nakuru, toa vitu nje ya mlango, vipange kwenye kreti ya plastiki au kapu, na katoni iondoke siku hiyo. Usiweke akiba ya maboksi chini ya kitanda "yatakuja kusaidia wakati wa kuhama".

Friji, maikroweivu au king'amuzi cha mkono wa pili kikaguliwe kabla ya kulipa. Vua kifuniko cha nyuma cha mota ukamulike. Ukiona chembe nyeusi, mwachie muuzaji. Mzigo uliokuja kwa basi ufunguliwe nje. Na shule zikifungwa, sanduku la mwanafunzi wa bweni lifunguliwe uani mchana, kila kitu kitolewe, sanduku lioshwe na kuanikwa kabla ya kuingia chumbani. Mtoto asigombezwe kwa hilo; mabweni yana watu wengi, na mende huingia sandukuni bila mwenyewe kujua.

Hatua ya 7: Zungumza na majirani na mwenye ploti

Katika ploti ya vyumba kumi vilivyopangana, kila mpangaji akipuliza siku yake, mende wanazunguka tu. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri hupotea. Usimwendee jirani kama mtu anayemlaumu. Sema maneno ya kawaida: "Jirani, habari ya jioni. Wiki hii naweka dawa ya mende, na ukuta wetu ni mmoja. Nikiweka peke yangu watakuja kwako, na kesho watarudi kwangu. Tukichanga tununue mrija mmoja wa dawa ya jeli tugawane, utatutosha sote." Wengi hukubali, kwa sababu wao pia walikuwa wakiona aibu kusema.

Msimamizi wa ploti mpelekee orodha fupi iliyoandikwa, yenye picha ukiweza: bomba fulani linavuja, manholi haina mfuniko, debe la taka limejaa. "Kuna mende" ni malalamiko. "Bomba la nyumba namba nne linavuja ukutani" ni kazi ambayo fundi anaweza kutumwa kuifanya.

Hatua ya 8: Ukiwa na biashara

Hoteli, kibanda cha chakula, baa na duka vina yote ya nyumbani kwa wingi, tena na mzigo unaoingia kila siku. Afisa wa afya ya umma ana uwezo wa kukagua jengo lako chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, lakini mteja humtangulia. Mteja akimwona mende kwenye meza, hatalalamika. Hatarudi tu, na atawaambia wenzake.

Kwenye hoteli za samaki, tatizo ni mafuta na magamba. Magamba ya ngege na mbuta huoshwa yakaingia kwenye mtaro wa ndani, yakakwama kwenye kona, yakaoza. Weka chujio kwenye tundu la mtaro na ulimwage mwisho wa kila zamu, si mwisho wa siku. Nyuma ya karai la kukaangia pawe na bati laini linaloweza kuoshwa. Meza za mbao zilizopasuka zikwanguliwe na kupakwa rangi upya, au zibadilishwe.

Baa ina adui wa pekee: kreti za chupa tupu. Kila chupa hubaki na bia kidogo chini, na mende huvutwa sana na kitu kilichochacha. Kreti zisilale karibu na jikoni. Zikae nje penye paa, na zikiingia zenye chupa mpya zikung'utwe kwanza. Wauzaji wa busaa nao, chujio na mitungi ioshwe usiku ule ule.

Dukani, inua magunia na marobota juu ya mbao, sentimita 15 hivi kutoka sakafuni na mbali kidogo na ukuta, ili ufagio na tochi vipite. Uza cha zamani kwanza. Kwenye mashine za kusaga, unga unaotuama juu ya mota yenye joto ni chakula na kitanda. Upigwe brashi kila jioni umeme ukiwa umezimwa. Ofisini, tatizo huwa droo moja yenye biskuti na chombo cha sukari kisichofungwa.

Mpe mfanyakazi mmoja jukumu la mitego, kwa jina, na daftari la kuandika hesabu kila Jumatatu. Jukumu la wote huwa si la mtu.

Hatua ya 9: Sasa dawa

Dawa ninayoipendekeza kwanza ni ya jeli, ile ya chambo inayokuja kwenye mrija kama sindano. Mende huila, hurudi kwenye ufa, hufia huko, na wenzake wanaokula kinyesi na maiti yake nao huipata. Kwa njia hii dawa hufika ambako mkono wako haufiki.

Osha kwanza kwa sabuni, acha pakauke. Weka matone madogo, ukubwa wa punje ya mtama, mengi na yaliyotawanyika: kwenye bawaba, pembe za ndani za kabati, nyuma ya friji karibu na mota, pale bomba linapoingia ukutani, na kila mahali mitego ilikoonyesha wengi. Matone mengi madogo hushinda tone moja kubwa. Yasiwe mahali mtoto, kuku au paka atafikia, wala juu ya meza ya chakula. Na usipulize dawa ya kopo karibu na jeli: harufu yake huwafukuza mende na hawatakula chambo.

Unga wa asidi ya boriki hufanya kazi polepole lakini kwa muda mrefu ukibaki mkavu. Utandaze utando mwembamba usioonekana vizuri, nyuma ya friji na ndani ya mianya. Ukiweka lundo, mende ataliepuka. Uwe mbali na watoto na chakula. Kwamba hauna harufu hakumaanishi hauna sumu.

Dawa za kupuliza zina nafasi ndogo: mende mkubwa aliyeingia mlangoni, au manholi. Mende wengi wadogo wamekuwa sugu kwa dawa hizo, na kifuko cha mayai hukinga yaliyo ndani. Kamwe usipulize karibu na jiko linalowaka, maana kopo nyingi zina gesi inayoshika moto.

Sasa hili naliomba kwa dhati. Usinunue dawa iliyowekwa kwenye chupa ya soda au pakiti isiyo na kibandiko, hata muuzaji awe na kipaza sauti na sifa kiasi gani. Nyingine ni dawa kali za shambani zilizopunguzwa, na mtoto huiona chupa ya soda kama chupa ya soda. Hiyo chaki ya kuchorea mende nayo ni sumu inayofanana na kitu cha kuchezea. Dawa halali nchini Kenya huwa imesajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, na namba ya usajili huandikwa kwenye kibandiko. Isome kabla ya kulipa. Mtu akimeza au akivuta dawa akaanza kutoka jasho, mate au kutapika, mkimbize hospitali pamoja na chombo chenyewe, na usimlazimishe kutapika.

Mafuta taa kwenye mtaro hualika moto. Vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyodaiwa kufukuza kwa sauti havijaonyesha kuwasaidia watu. Nafthalini huwahamisha mende chumba cha pili, na inaweza kuwadhuru watoto wachanga.

Ukimwita mtu wa kupuliza dawa, muulize atatumia nini, amesajiliwa na nani, na atarudi lini. Asiyepanga kurudi hajafikiria mayai.

Hatua ya 10: Hesabu tena

Wiki ya kwanza utaona maiti, na pengine mende wakitembea mchana kwa kuyumba. Hiyo ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Baada ya wiki mbili hadi tatu, mayai mengi yaliyokuwepo yatakuwa yameanguliwa. Ongeza matone mapya pale yalipoliwa au kukauka. Rudisha mitego mahali pale pale pa mwanzo kwa siku tatu na ulinganishe na hesabu ya kwanza.

Hesabu ikishuka, endelea hivyo kwa miezi mitatu, maana ndio muda wa kizazi kizima kukua. Isiposhuka baada ya wiki sita, kuna mambo matatu ya kuangalia. Kwanza maji: rudia jaribio la gazeti chini ya kila bomba, na la jirani pia. Pili, mtego unaonasa wengi hukuonyesha kituo ulichokiruka. Fungua kilicho karibu nao, hata ikiwa ni kubandua bati la nyuma la friji. Tatu, jeli inabaki bila kuguswa. Mwaka 1993 watafiti waliripoti kuwepo kwa mende wa Kijerumani waliokuwa wakikataa chambo chenye glukosi, na dawa yenyewe pia huweza kuzoeleka. Badilisha kiambato, si jina la kampuni tu: kama kibandiko kilisema fipronili, tafuta yenye imidaklopridi au indoksakabu.

Mitego ikikaa mitupu miezi mitatu mfululizo, acha miwili tu, mmoja chini ya sinki na mmoja nyuma ya friji, uibadilishe gundi ikishika vumbi, na uitazame zaidi wiki ile jirani mpya anapohamia au mzigo mkubwa unapoingia.